Uzio wa Nguo: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Kilwa

Waheshimiwa viongozi wetu wa wilaya na wa mji, na ninyi mliokabidhiwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara,

Shikamooni kwa mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi.

Nilipokuwa na miaka tisa nilijaribu kununua kashata kwa sarafu ya sultani. Ilikuwa Kisiwani, kwa bibi mzaa mama. Mvua ya usiku ilikuwa imekwangua mchanga wa ufukweni, na asubuhi nikaona kitu cha kijani, chembamba, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Nikakisugua kwa ndimu na mchanga mpaka wekundu wa shaba ukatokeza, nikakimbia nacho kwa bi mkubwa aliyekuwa akiuza kashata chini ya mwembe. Akakigeuza huku na huku, akakisogeza karibu na jicho, kisha akanirudishia pamoja na kipande cha kashata cha bure. "Ya Washirazi hii, mjukuu wangu. Nikiipokea, chenji nitaitoa wapi?" Kesho yake mwalimu alinishika mkono tukaipeleka kwa mlinzi wa magofu, na huo ukawa mwisho wa utajiri wangu.

Ukubwani ndipo nilipojua nilichokuwa nimeshika. Sarafu zile zilitengenezwa hapa hapa. Za al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa karne ya 14, zina maneno ya vina: upande mmoja jina lake, upande wa pili kwamba tegemeo lake ni Mola mwenye neema, mlio wa mwisho ukigongana kama ubeti. Moja ya sarafu zake ilikutwa Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Yaani pesa ya mji huu imefika Australia, lakini nyumbani haijanunua hata kashata kwa karne kadhaa.

Ombi langu linatoka hapo. Mtufungie magari kwenye barabara inayoteremka gatini hapa Kilwa Masoko, kwa siku tatu, mwishoni mwa Oktoba, tufanye gulio la Kilwa ya kale. Liwe gulio kama magulio mengine, la kuuza na kununua, kula, kupiga soga na kukutana ana kwa ana na shemeji uliyekuwa ukimkwepa kwa deni. Ila siku hizo tatu tuuze, tupime, tupike na tuvae kwa kukaribia watu waliomwona Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, akishuka chomboni mwaka 1331.

Najua wazo la namna hii likifika ofisini hubadilika sura haraka. Nimeliona likibadilika. Miaka ya nyuma nilisafiri hadi mji mmoja wa pwani, sitautaja, kulikotangazwa tamasha la Zama za Kati. Nikakuta uzio wa mabati mapya yanayong'aa, lango moja na meza ya tiketi. Ndani mahema meupe yalikuwa yamekodiwa na wauza laini za simu na wauza magodoro, spika zimesimama kama makabati, na mshereheshaji anatupigia kelele tuchangamke. Kivutio kikuu kilikuwa ubao wenye picha ya askari wa Kizungu aliyevaa chuma kutoka kichwani hadi miguuni, pa uso pamekatwa tundu, na watoto wamepanga foleni watie nyuso zao wapigwe picha. Nami nilitia uso wangu, sikatai. Nilipotoka kutafuta chakula niliwakuta akina mama wa vitumbua wamekaa chini, nje ya bati. Wateja wao wakubwa walikuwa mgambo wale wale waliowazuia kuingia.

Mji ule ulikuwa na misikiti ya kale ya kwake, makaburi ya kwake yenye nguzo, na bandari iliyopokea vyombo kabla askari yule wa chuma hajazaliwa. Vyote vilibaki nje pamoja na vitumbua.

Kwa hiyo jambo kubwa ninaloliomba, kuliko barabara yenyewe, ni hili la uzio. Wazee wa Kisiwani mnawajua, na hadithi yao mnaijua, tena iko hata kwenye tarikh ya zamani ya Kilwa: kwamba mgeni kutoka Shiraz ya Uajemi, Ali bin al-Hasan, alipotaka kukaa kisiwani, mkuu wa kisiwa alimwambia atamwachia akimpa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa kizima. Mgeni akatoa nguo, kisiwa kikazungukwa, mwenyeji akahamia bara. Wanahistoria wana mashaka yao na Washirazi hawa, na mimi siwezi kuwaamulia. Lakini mji ambao hadithi yake ya kwanza ni ya biashara, na bei yake ya kwanza ni kitambaa, unazungushiwaje mabati?

Tuzungushe nguo. Kila nyumba itakayotaka ilete kipande kimoja: kanga iliyochujuka, kikoi kilichopasuka, shuka, pazia, hata mfuko wa unga uliofuliwa. Viunganishwe kwa sindano, vifungwe kwenye vijiti vya mianzi pande zote mbili za barabara, kutoka juu hadi gatini. Huo ndio mpaka wa gulio. Mtu akiinama anapita chini yake, mbuzi naye atapita, na hakuna wa kukatiwa tiketi. Mafundi cherehani wa Masoko na wa Kilwa Kivinje watapata kazi ya wiki nzima, na hiyo ndiyo gharama pekee ambayo nathubutu kuwaomba muitie kwenye bajeti.

Kuna watakaosema kanga si ya zama hizo. Ni kweli, kanga ilianza mwishoni mwa karne ya 19. Ila atakayesimama njiani kumvua mama wa Kilwa kanga yake kwa ajili ya usahihi wa kihistoria, mimi simo.

Katika chakula, hata hivyo, ningependa tuwe wakali kidogo, maana hapo ndipo mtu anapojifunza bila kujua anafundishwa. Ibn Battuta kabla ya kufika kwetu alipita Mogadishu, akaeleza alichotengewa: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sinia kubwa la mti, juu yake mchuzi wa kuku, wa nyama, wa samaki na wa mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili manga, tangawizi mbichi na maembe. Ukinitengea chakula hicho leo bila kuniambia neno nitauliza anaolewa nani. Alipolala Mombasa usiku mmoja, aliona watu wakila zaidi ndizi na samaki. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mama lishe wetu hajui kukipika. Ongezeni uji wa mtama, nazi, pweza, na ufuta ambao Kilwa hatujaacha kuulima, na meza imejaa.

Sasa hesabuni vitakavyokosekana. Mahindi, mihogo, nyanya, viazi, mapapai, mananasi na pilipili kali vyote vina asili ya mabara ya Amerika, na havikuwa vimevuka bahari mwaka 1331. Vilikuja Mreno alipokwishapita. Basi ugali wa sembe haumo, kachumbari haimo, chipsi ndiyo kabisa. Chai haimo. Kahawa pia haimo, maana habari za kuinywa zinaanzia Yemen katika karne ya 15, na hapa natabiri maandamano ya wazee wa barazani. Na korosho haimo! Mkorosho ni mti wa Brazil. Jamani, gulio la Kilwa lisilo na korosho, tena mwishoni mwa Oktoba, wakati malipo ya minada ya kwanza yanapoanza kunukia na ndiyo sababu nimechagua tarehe hizo.

Nimelifikiria hilo sana kuliko inavyostahili. Pendekezo langu ni kwamba sehemu yote ya juu ya barabara ifuate mwaka 1331, na kule mwisho, karibu na gati, tuache kichochoro tukiite cha Mreno: korosho, mihogo ya kukaanga, mahindi ya kuchoma, na birika la kahawa kwa wazee. Mtoto akitembea kutoka juu hadi chini atakuwa amepita karne 2 kwa miguu yake, na atajua ni kitu gani kilikuja na nani.

Mafundi nao. Mwanamke anayesuka ukili Kisiwani hahitaji kuigiza Zama za Kati. Mikono yake bado iko huko. Nilikaa na mmoja wao mwezi uliopita. Alikuwa anachana miyaa kwa ukucha wa kidole cha shahada, analoweka, anasuka bila kutazama huku akimkaripia mjukuu aliyemwagia kuku mtama mwingi. Alisuka urefu wa mkono mzima kabla karipio halijaisha. Mtu kama huyo apewe kizimba cha kwanza, mahali pa kivuli, bila ushuru. Vivyo hivyo wasokota kamba za makumbi, ambazo ndizo zilizoshona mitepe iliyosafiri bahari hii bila msumari. Vivyo hivyo wanaojua kuchoma matumbawe kuwa chokaa, ingawa hapo tutumie mawe machache ya kuonyeshea tu, kwani mwamba wa baharini si mali ya kuchezea siku hizi.

Kuna ufundi mmoja umepotea, na ningependa watu wa mambo ya kale watusaidie kuurudisha hata kwa siku tatu. Katika uchimbaji wa Kisiwani na Songo Mnara vimepatikana vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilikuwa vizito vya pia za kusokotea pamba. Watu wa Kilwa walikuwa wanapokea vitambaa vya Gujarat kule India na huku wanasokota nyuzi zao wenyewe kwa vyungu vilivyovunjika jikoni. Tuleteeni mtu mmoja anayejua kusokota, mwanafunzi wa shule ya msingi apewe kigae, kijiti na pamba, tuone nani atatoa uzi wa kwanza. Na tafadhali, vigae viwe vya chungu kipya kilichovunjwa kwa kazi hiyo. Vilivyolala mchangani kule ng'ambo vibaki vilipo, pamoja na vipande vya sahani za China. Atakayekutwa anawauzia wageni kigae au sarafu halisi afukuzwe gulioni siku hiyo hiyo, hata akiwa mpwa wangu.

Sarafu zetu za gulio ziwe za bati, zitengenezwe na mafundi bati wa mjini, kubwa kuliko zile za kale na zenye tundu katikati ili mtu asije akazidanganyia. Watoto wazinunue mezani kwa shilingi, wakanunue nazo kashata. Hilo kwangu lina sababu zake mnazozijua.

Nimefika mahali pagumu, na sitaki kupapita mbio.

Al-Hasan bin Sulaiman, yule wa sarafu zenye vina, aliitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akirudi kutoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwambia fakiri aingie akachukue. Watu wakastaajabia unyenyekevu ule. Mwanawe sultani, aliyekuwa mrithi, akazirudisha zile nguo kutoka kwa fakiri na badala yake akampa watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa ikaishia kwenye ukarimu. Mwalimu wangu aliiishia hapo. Lakini hesabuni: watu 20 kwa joho la mtu mmoja. Hakuna aliyeandika majina yao wala walikotoka, na fakiri yule sidhani kama aliwauliza. Ule ni mwanzo tu wa tunayoyajua. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa wakati huo wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Na Kivinje, kaskazini ya hapa nilipokaa kuandika, ilikuja kuwa mlango mkubwa wa misafara ya watu kutoka bara.

Gulio la kale lililouza kila kitu isipokuwa hicho litakuwa linatudanganya. Sisemi tuigize mnada wa watu. Mungu aepushie mbali, na nikiona mtu amewafunga watoto minyororo ya karatasi kwa ajili ya picha nitaondoka. Nasema usiku wa pili, taa zikishazimwa vibandani, wazee watatu au wanne wakae barazani, mmoja kutoka Kisiwani, mmoja Kivinje, mmoja wa familia zilizotoka bara, wasimulie yote bila kukatwa. Isiwepo spika. Anayetaka kusikia asogee. Mji huu una watu waliotokana na wauzaji na watu waliotokana na waliouzwa, wanaoana, wanazikana, wanataniana, na sijawahi kuona siku ambayo wamekaa mahali pamoja jambo hili likatajwa kwa sauti ya kawaida.

Wala sisi hatutakuwa wa kwanza kuukusanya mji kwenye jeraha la zamani. Visby ni mji wa bandari katika kisiwa cha Gotland, Uswidi, nao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1995. Tangu mwaka 1984, kila Agosti, watu wake huvaa nguo za kale na kufanya wiki nzima ya soko na michezo ya Zama za Kati, wakirudi mwaka 1361 ambapo mfalme Valdemar wa Denmark alikivamia kisiwa chao. Miaka 30 tu baada ya Ibn Battuta kukaa Kilwa! Sisi mvamizi wetu ni Mreno Francisco de Almeida, Julai 1505. Kinachonivutia kwao ni kwamba wenyeji ndio wenye vazi na wenye kibanda, na mgeni akija anakuta shughuli inaendelea.

Mengine ni ya utekelezaji, nitayapita haraka kwa kuwa mnayajua kuliko mimi.

Kibanda hata kimoja kisiwekwe ndani ya magofu. Kisiwani na Songo Mnara zilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, tukahangaika miaka 10 kuzitoa, na kuta za matumbawe na chokaa hazina ugomvi na mtu ila hazivumilii kuegemewa na umati. Gulio likae Masoko. Wanaotaka kuuona Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa wavuke mchana, kwa makundi madogo, pamoja na waongozaji kutoka Kisiwani kwenyewe. Watoto wa shule za wilaya hii waingie bure siku hizo tatu. Wengi wao wanakiona kisiwa kila siku kutoka gatini na hawajakikanyaga. Mashua ziwe na jaketi za kujiokolea za kutosha abiria wote, nahodha akatazwe kuvusha mtu baada ya magharibi hata akiongezewa nauli. Vyoo na maji msitusahau. Takataka tutazoa wenyewe, lakini tupeni gari la kuzibeba.

Kuhusu mgambo nina neno moja. Katika magulio ya kale ya Uingereza kulikuwa na baraza dogo la kuamua kesi papo hapo, lililoitwa la watu wenye vumbi miguuni, kwa sababu mfanyabiashara msafiri hawezi kusubiri tarehe. Wekeni meza ya namna hiyo chini ya mti: mzee mmoja, mama mmoja mfanyabiashara, na afisa mmoja kutoka kwenu. Mizani imebishaniwa, kizimba kimegombaniwa, kibaba hakikujaa, waamue palepale. Mgambo wakae karibu na kichochoro cha Mreno wanywe kahawa, wataitwa wakihitajika.

Na hotuba. Mgeni rasmi atakuwepo, najua, na haki yake ya kusema anayo. Naomba tu asimame kwenye gulio kama mnunuzi, kipaza sauti kiwe cha dakika tano, na viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe visikae mbele ya wasuka ukili.

Ninacho tayari kipande changu cha uzio. Ni kanga ya marehemu mama, upande mmoja wa doti, upande wa pili alizikwa dada yangu akiwa amefunikwa nao. Imepasuka pembeni na maandishi hayasomeki tena. Jirani zangu wamenipa vitambaa 14, na fundi wa hapa mtaani ameahidi kuviunga bure iwapo nitaleta uzi. Kinachotukwamisha ni kipimo. Tumejaribu kupima barabara kwa hatua, kila mtu akapata jibu lake, ikabidi tuache tusije tukagombana. Tunaomba afisa mmoja aje na futi kamba, au mtutumie tu urefu wa barabara kutoka juu hadi gatini, kwa mita, ili tujue vitambaa vingapi bado.

Wenu,
mkazi wa Kilwa Masoko